CLEMENT GILLMAN: MPIMA RELI ALIYEISOMA ARDHI YA UWANDA WA KATI

Na Mwandishi Wetu

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigoma kwa Reli ya Kati ya zamani huona mengi kupitia dirisha la behewa. Huona minazi ya pwani, mashamba ya mkonge ya Kimamba, milima ya Usagara, na baadaye mibuyu na mashamba ya uwele ya Ugogo. Huhesabu stesheni moja baada ya nyingine, hununua chakula cha njiani, hulala, huamka, na huendelea kuhesabu. Lakini ni nadra msafiri huyo kujiuliza swali moja lililo rahisi: ni nani aliyeamua kwamba reli ipite hapa, wala si pale?

Jibu la swali hilo limefichika katika kazi ya watu wanaotangulia mbele ya kila reli duniani. Kabla ya taruma la kwanza kulazwa chini, na kabla ya kokoto kumwagwa, hupita wapima. Hao ndio wanaotembea porini na vyombo vyao, wakipigilia vigingi, wakiandika tarakimu katika vitabu vidogo, na kuacha nyuma yao mstari usioonekana ambao siku moja utakuwa njia ya maelfu ya watu.

Mmoja wa watu hao katika nchi yetu alikuwa Clement Gillman. Jina lake halitajwi sana katika stesheni za Gulwe, Dodoma au Manyoni. Wanaolifahamu zaidi ni wapanda mlima, kwani mahali pamoja kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, Mlima Kilimanjaro, penye urefu wa karibu meta 5,700 juu ya usawa wa bahari, huitwa Gillman's Point hata leo. Yeye mwenyewe aliufikia ukingo huo mwaka 1921. Lakini urithi wake mkubwa hauko kwenye barafu. Uko huku chini, katika nchi kavu ya kati, na unahusu jambo ambalo kila familia ya Dodoma inalijua vyema: maji.

MHANDISI KIJANA WA MWAKA 1905

Gillman alizaliwa mwaka 1882 mjini Madrid, Hispania. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alisomea uhandisi Zürich, Uswisi, katika chuo kilichosifika kwa elimu ya ufundi na ya miamba. Mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia katika nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akiwa mhandisi wa kampuni ya Philipp Holzmann iliyokuwa na kandarasi ya kujenga reli.

Mwaka huo ulikuwa mzito. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwezi Februari, na ilipofika Julai watu wa kusini walikuwa wameshika silaha katika Vita vya Maji Maji kuupinga utawala wa Kijerumani. Reli haikujengwa kwa ajili ya kumstarehesha mwananchi. Ilijengwa ili mazao yatoke bara kwenda bandarini, na ili askari na amri vitoke bandarini kwenda bara. Ni vema msomaji akumbuke hilo tangu mwanzo, asije akadhani kwamba hii ni hadithi ya wema wa wakoloni.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Kutoka hapo ikapenya milima hadi Kilosa, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na mwezi Februari 1914 ikafika Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ni umbali wa karibu kilomita 1,250, kwa njia yenye upana wa meta moja kati ya reli na reli. Miezi sita baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikazuka.

KAZI YA MPIMA

Watu wengi hudhani kwamba kupima reli ni kuchora mstari ulionyooka juu ya ramani. La. Garimoshi ni mnyama mwenye nguvu nyingi lakini asiyejua kupanda. Chuma juu ya chuma huteleza, hivyo mwinuko mdogo ambao ng'ombe haujali huweza kuisimamisha injini yenye mabehewa mazito. Kwa sababu hiyo mpima hutafuta njia inayopanda polepole, hata kama itamlazimu kuzunguka. Kona nazo haziwezi kuwa kali, kwani magurudumu yataacha reli.

Vyombo vya wakati ule vilikuwa vichache: darubini ya kupimia pembe iliyokaa juu ya miguu mitatu, pima maji ya kulinganishia miinuko, mnyororo wa kupimia umbali, fito zenye rangi, na mafungu ya vigingi. Mtu mmoja alichungulia katika darubini na kuandika. Wengine walifyeka vichaka, wakavuta mnyororo, wakashika fito wima juani, wakabeba mahema, chakula na maji. Hivyo kila tarakimu katika daftari la mhandisi ilikuwa na jasho la watu kadhaa, na majina ya watu hao hayakuandikwa kwenye ramani yoyote.

Baada ya mstari kupimwa, walikuja maelfu ya vibarua. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliokuwa wamezoea kwa vizazi vingi kubeba mizigo ya misafara kati ya pwani na maziwa makuu. Wao ndio waliochimba mikato, wakajaza matuta na kubeba mataruma ya chuma. Kuna jambo la kusikitisha hapo, kwani mpagazi wa Kinyamwezi alijenga kwa mikono yake mwenyewe chombo kilichoiua kazi ya upagazi. Lakini ujira wa reli na desturi ya kusafiri kwenda kuutafuta vilikuwa mwanzo wa tabaka jipya katika nchi hii: tabaka la wafanyakazi.

NCHI YENYE KIU

Kwa mhandisi aliyetoka Ulaya, kazi ngumu ya kwanza ilikuwa milima kati ya Kilosa na Gulwe. Hapo reli iliufuata Mto Mkondoa, kwa kuwa bonde la mto ndilo ngazi ya asili ya kupandia kwenye uwanda wa juu. Lakini baada ya milima alikutana na tatizo la aina nyingine. Nchi ilikuwa tambarare na rahisi kwa reli, ila haikuwa na maji.

Misafara ya kale iliijua habari hiyo kuliko mhandisi yeyote. Kati ya Mpwapwa na Ugogo lilikuwapo jangwa lililoitwa Marenga Mkali, mahali ambapo wapagazi walikimbiza miguu ili kufika kwenye maji kabla ya nguvu kuwaishia. Ndani ya Ugogo watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliopita. Wazungu walioandika habari za safari zao walilalamika sana juu ya hongo hiyo na kuwaita Wagogo wakorofi. Hawakutaka kuelewa kwamba katika nchi ambayo kisima kimoja ni uhai wa kijiji kizima, msafara wa mamia ya watu unaokunywa na kuondoka ni jambo zito. Mwenye maji alikuwa na haki ya kuulizwa.

Reli nayo ilikuja na kiu yake. Injini ya mvuke hunywa maji mengi, na tena hutaka maji mazuri, kwani maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya tangi la mvuke na kulipasua. Kwa hiyo mpima wa reli katika uwanda wa kati hakutafuta njia ya chuma peke yake. Alitafuta pia mahali pa kuchimba kisima, mahali pa kuzuia bwawa, na mahali pa kuweka tangi, ili injini isikaukiwe njiani. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimeta 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni jua na vumbi.

Huku ndiko Gillman alikojifunza somo ambalo hakuliacha hadi mwisho wa maisha yake. Katika nchi hii, mwenye kutaka kujua watu wanaweza kuishi wapi na kufanya nini, na aanze kwa kuuliza maji yako wapi.

MIJI ILIYOZALIWA NA MIJI ILIYOACHWA

Kigingi cha mpima kina nguvu ya kutisha. Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara kwa miaka mingi, lakini reli ilipita Gulwe, na Mpwapwa ikabaki pembeni. Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilikuwa na boma la Wajerumani na sifa ya makao makuu. Reli ilipita Saranda na Manyoni, na Kilimatinde ikafifia. Wakati huohuo Dodoma, ambapo Wajerumani walianzisha mji mwaka 1907 reli ikiwa bado njiani, ikawa stesheni, soko, karakana na makao ya utawala. Barabara ya kaskazini hadi kusini ilipokuja kuikata reli hapo, Dodoma ikawa njia panda ya nchi. Mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, hoja kubwa ilikuwa kwamba mji huo uko katikati na unafikika. Kufikika huko kulianza na vigingi vya wapima.

Lakini reli haikuwaokoa wenyeji wakati walipoihitaji zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya pande zote mbili yalipita Ugogo, yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, ikafuata njaa iliyoitwa Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920. Inakisiwa kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma. Reli ilikuwapo, na mabehewa yalikuwapo. Njia ya chuma haileti chakula kwa hiari yake. Huleta kile ambacho wenye mamlaka wameamua kukileta.

KUTOKA RELI HADI RAMANI YA WATU

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza, na Gillman akaendelea na utumishi katika Shirika la Reli hadi kuwa Mhandisi Mkuu. Katika kipindi hicho reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilishwa mwaka 1928. Ulikuwapo pia mjadala mkubwa juu ya reli ya kutoka Dodoma kupitia Iringa hadi Fife, kwenye mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gillman aliongoza upimaji wa awali wa reli ya kufungua kusini-magharibi, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka huohuo uliizika mipango hiyo. Nchi zetu zilisubiri hadi miaka ya 1970, baada ya kujitawala, ndipo Tanzania na Zambia kwa msaada wa China zikajenga reli ya TAZARA.

Tangu mwaka 1905 Gillman alikuwa na desturi moja: kila alipokwenda aliandika shajara. Aliandika juu ya miamba, udongo, miti, mito, mashamba na makazi. Shajara hizo zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Kutokana na maandishi hayo na safari zake alichora ramani ya wakazi wa Tanganyika, iliyochapishwa mwaka 1936 katika jarida la chama cha jiografia cha Marekani.

Ramani hiyo iliwashangaza wengi. Ilionyesha kwamba karibu thuluthi mbili za watu wote waliishi katika takriban sehemu moja ya kumi ya nchi, yaani mahali penye maji ya kudumu: miteremko ya milima, kando ya maziwa, nyanda za juu. Zaidi ya nusu ya nchi haikuwa na maji ya kudumu, na karibu hapakuwa na mtu. Kwa mtawala aliyekaa ofisini, maeneo hayo matupu yalikuwa "ardhi isiyotumika" inayomsubiri mlowezi na trekta. Gillman alisema kinyume. Mwafrika hakuiacha ardhi hiyo kwa uvivu wala kwa ujinga. Aliiacha kwa sababu alikuwa ameijua.

Baada ya kustaafu reli aliteuliwa mwaka 1938 kuwa Mshauri wa Maji wa serikali. Hapo kazi yake ya ujana ilifika kilele: yule aliyekuwa akitafuta maji ya injini sasa alitafuta maji ya watu na mifugo yao. Aliandika pia historia fupi ya reli za Tanganyika, iliyotoka mwaka 1942. Alifariki mwaka 1946. Ramani yake ya uoto wa nchi nzima ilitoka mwaka 1949, mwenyewe akiwa kaburini.

SOMO LA KONGWA

Gillman hakuishi kuiona Kongwa. Mwaka 1947, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikawa kitovu chake. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kulimwa. Matrekta yalishushwa kwa wingi, na njia fupi ya reli ikajengwa kutoka Msagali ili kuyahudumia mashamba.

Yaliyofuata yanajulikana. Mvua hazikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, majembe yakavunjika. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya paundi milioni 30. Njia ile fupi ya reli ikang'olewa. Mgogo yeyote mwenye tembe lake jirani angeweza kuwaambia wataalamu mambo ambayo ramani ya mwaka 1936 ilikwisha kuyaonyesha. Hakuna aliyemwuliza mmoja, wala aliyeizingatia nyingine ipasavyo.

Tusimfanye Gillman kuwa mtakatifu. Alikuwa mtumishi wa tawala mbili za kigeni, na reli aliyoitumikia ilibeba utajiri wa nchi hii kuupeleka nje. Lakini alikuwa na sifa moja ambayo inastahili kuigwa na mtaalamu wa zama zozote: aliitazama nchi kabla ya kuiamrisha.

MTO HAUJASAHAU NJIA YAKE

Wazee husema maji hufuata mkondo. Bonde la Mkondoa lililowapa wapima njia rahisi ya kupanda limeidai reli malipo yake kila mara. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalilisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi kadhaa. Mito inayoshuka kutoka milima iliyokatwa miti huja na mchanga mwingi, mchanga huinua kitanda cha mto, na mto hutafuta mahali pengine pa kupita. Aghalabu mahali hapo ni relini. Mpima wa mwaka 1908 aliupima mto aliouona. Hakuweza kuupima mto tutakaouumba sisi wenyewe kwa shoka na moto.

Leo kuna reli mpya. Reli ya kisasa yenye upana wa milimeta 1,435, inayotumia umeme, ilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024. Safari iliyokuwa ikichukua usiku kucha sasa ni ya saa nne hivi. Mahandaki yametobolewa katika milima ya Kilosa, na wapima wa Kitanzania, wanaume kwa wanawake, wamepita humo na vyombo vinavyoongea na satelaiti. Treni yao haihitaji kisima njiani wala tangi la maji.

Lakini watu wanalihitaji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Manispaa ya Dodoma wakazi wapatao 411,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, nyumba zinapanda kila upande, na sehemu kubwa ya mji inategemea visima vya Mzakwe vinavyovuta maji kutoka chini ya ardhi ileile kavu. Kila ndoo inayojazwa Chang'ombe au Nkuhungu inatoka katika hazina inayojazwa tena na mvua ya miezi michache tu. Swali ambalo zamani liliihusu injini sasa linaihusu jamii nzima.

Hapo ndipo urithi wa mpima huyu unapotugusa. Mzazi mwenye kijana anayependa hesabu na jiografia asimwone anapoteza wakati anapochora ramani za vijito vya mtaa wao. Nchi hii inahitaji wapima wengi zaidi, wa ardhi na wa maji, watakaokwenda kwa miguu, watakaowauliza wazee mafuriko ya zamani yalifika kwenye mti gani, na watakaoandika majibu hayo katika daftari pamoja na jina la mzee aliyeyatoa. Ujenzi utakuja baada yao, na utasimama au kuanguka kwa kadiri walivyopima.